Wazamiaji njooni hapa: nataka kununua jaketi langu la kuelea (BCD), nimechoka na ya kukodi

Mtoto wa Kigamboni (mtoa mada)

Wakuu habari za muda huu, nisiwachoshe. Mwaka jana nilichukua Open Water (kozi ya kwanza ya kuzamia) pale Nungwi, tangu hapo nimeshafikisha daivu 19, yaani nimezama mara 19, nyingi Mnemba, chache Hunga na Tumbatu, na kila nikienda nakodi vifaa. Maski ninayo, mapezi ninayo, kompyuta ya kuzamia ya kuvaa mkononi nimenunua mwezi wa tatu. Kilichobaki ni BCD, lile jaketi la kujaza hewa.

Majaketi ya kukodi yamenitesa aisee. La kwanza nilipewa L wakati mimi ni M, mtungi unalala ubavuni kama mtoto aliyesinzia mgongoni. La pili velkro ya tumboni imeisha meno, nimeifunga mara nne inafunguka. Daivu ya mwisho sasa ndo kali, tunapanda, niko kama mita 6 hivi nataka nisimame zile dakika 3 za usalama pale mita 5 kabla ya kutoka, jaketi likanirusha juu kama chupa tupu ya maji, nakamua kitufe cha kutolea hewa nimeukandamiza mpira kifuani hewa haitoki, nikaibuka kabla ya watu wote na instrakta akanifokea mbele ya wageni.

Nimekesha YouTube mpaka saa nane usiku, nimeona kuna ya kuzunguka mwili mzima, kuna ya hewa mgongoni tu, kuna yale mabamba na mabawa, kuna ya safari yanakunjika kama shuka. Bajeti yangu milioni moja na nusu. Nichukue lipi ambalo halitanirusha? Nawasilisha.

Chui wa Temeke

Nimeona "wazamiaji" nikakimbia nikidhani kuna meli inaondoka kwenda Sauzi. Kumbe watu wanalipia kuzama 😂 Naweka kambi hapa, ila mkuu milioni na nusu si unaongezea kidogo unachukua pikipiki ya mkononi.

Kusi na Kaskazi

Yakhe mtoa mada, mie ni daivumasta (kiongozi wa wazamiaji) Nungwi mwaka wa tisa huu, majaketi ya kukodi ndo mie ninaeyasuuza kila jioni kwahiyo nayajua mpaka harufu zake. Kabla sijakwambia ununue lipi nna suali moja. Siku hiyo ulivaa risasi (zile za uzito wa kukuzamisha) kilo ngapi? Na wetisuti (nguo ya raba) gani, mtungi gani?

Mtoto wa Kigamboni

Kilo 10 mkuu. Wetisuti fupi ya milimita 3, mtungi wa alumini. Mwenyewe nina kilo 78. Mkanda nilipewa umeshapangwa, mi nikavaa tu.

Chui wa Temeke

Mkanda wa risasi kilo 10. Mnaenda kuangalia samaki au mnaenda msituni

Kusi na Kaskazi

Basi jawabu tushalipata na jaketi hata hatujaligusa.

Kilo 10 kwa mtu wako na kiwetisuti kifupi ni nyingi sana, mie kwa macho tu ningekuanzishia 6. Tuseme una 4 za bure. Zile 4 hazendi pahala, lazma uzibebe kwa hewa, na lita moja ya hewa inabeba kama kilo moja, kwahiyo muda wote ulio chini jaketi lako lina lita 4 ambazo mwenzio hana. Haya fanya hesabu. Uko mita 10, presha bar 2, ndani ya jaketi mna lita 6. Unapanda mpaka mita 5, presha bar 1 na nusu, zile lita 6 zishakuwa 8. Umeongezewa kilo 2 za kukuvuta juu na hujagusa kitufe. Na ukianza kupanda zinazidi kutanuka, unapanda mbio zaidi, zinatanuka zaidi, ndo chupa yako ya maji hiyo. Mwenzio ana lita 2 tu pale mita 10, akifika mita 5 ana 2.7, hiyo hata kwa kutoa pumzi vizuri anaimaliza kifuani mwake.

Utauliza kwanini walikupa 10. Nikwambie siri ya kazi. Mwanafunzi akishindwa kushuka, kundi zima linamsubiri juu na mkondo unawachukua, nahodha anapiga kelele, kwahiyo sie (na mie nimo, sijitoi) tunamuongeza kilo mbili ili azame tuondoke. Siku ya pili mbili tena. Hakuna anaekumbuka kuzitoa. Mtu anamaliza kozi anajijua ni "mtu wa kilo 10" na anakwenda nazo hivo hivo.

Kajipime kabla hujatoa hata shilingi. Mwisho wa daivu, mtungi umebaki bar 50, simama wima juu ya maji, toa hewa yote jaketini, vuta pumzi ya kawaida uizuie. Maji yakukate usawa wa macho. Ukitoa pumzi uzame polepole. Ukienda chini kama nanga, toa kilo moja urudie. Ukijipima mtungi umejaa, ongeza kama 2 juu ya hapo, maana hewa ya mtungi wa alumini wa lita 11 ina uzito wa kilo 2 na nusu au zaidi, ikisha hiyo hewa mtungi wenyewe unataka kuelea.

Na ile ya kukamua hewa haitoki: mpira ulikuwa kifuani, hewa iko mabegani, itatokaje? Hewa inakaa pahala pa juu kabisa. Ukiwa wima, nyanyua mpira mpaka mkono unyooke ndo ubonyeze, au vuta kikamba cha begani. Ukiwa umelala, hewa iko kiunoni huko nyuma, kuna valvu karibu na tako la kulia ina kikamba chenye kifundo, vuta huku umeinua nyonga kidogo. Wengi wanamaliza kozi hawajakigusa hicho kikamba.

Mtoto wa Kigamboni

Daah. Kumbe nimelitukana jaketi la watu bure. Kikamba cha nyuma nilikuwa nadhani ni cha kutundikia.

Mswahili wa Ruwi

Salaam aleikum. Niko Maskati, tunazamia visiwa vya Daymaniyat karibu kila Ijumaa. Daivumasta hapo juu kasema kweli tupu ila na jaketi nalo lina kesi yake.

Nilianza na jaketi la kawaida kama wote. Hewa yake inazunguka mbavuni na mabegani, ukilijaza linakubana kifua unahema kama umevaa shati la mdogo wako, na chini linakuweka nusu wima nusu umelala, miguu inaning'inia inachimba matumbawe. Sasa nina mwaka wa nne na bamba la chuma cha pua na bawa moja (mfuko wa hewa) mgongoni. Hewa yote iko nyuma, kifuani hakuna kitu, umelala kama samaki. Bamba lenyewe lina kilo 2 na nusu hivi kwahiyo hizo ni risasi ulizozitoa kiunoni. Hakuna klipu za plastiki za kuvunjika, ni mkanda mmoja mrefu unapita mabegani mpaka kiunoni na bakoli moja ya chuma, zile kamba wanaita hanisi, unairekebisha mara moja tu inakuwa ni yako maisha yako yote. Bawa likitoboka unabadilisha bawa, kamba ikichakaa unanunua mita tatu za kamba. Jaketi likitoboka unatupa.

Chui wa Temeke

Mkuu soma tena ulichoandika. Unamvaa hanisi mgongoni, unashuka nae baharini, na unamrekebisha mara moja anakuwa wako maisha yako yote 🤣🤣🤣

Mswahili wa Ruwi

HANESI. Kwa e. Na BAKLI sio bakoli. Astaghfirullah, simu hii.

Mdiani

Wakubwa mimi niko South Coast, Diani na Kisite, na nitaongea ukweli hata kama watu wa mabamba watanuna. Hiyo kitu ni tamu sana chini ya maji. Shida iko juu.

Boti zetu huku, na najua Unguja ni vile vile, ukimaliza daivu hupandi na vifaa. Boti ni ndogo, ngazi ni fupi, kwa hivyo unavua mkanda wa risasi unapitisha, unavua jaketi ndani ya maji, nahodha anashika mtungi kwa shingo anavuta, wewe unasukuma kwa chini, halafu ndo unapanda. Sasa fikiria kusi imekolea na wewe una ile kamba moja nzima isiyo na klipu mabegani. Nilijaribu siku tulienda kwa meli ya Dania, ile iliyozamishwa makusudi hapo Mombasa 2002. Chini ilikuwa raha mpaka nikasema nimepata dini mpya. Juu sasa, nimetoa mkono wa kulia, wa kushoto umenasa kwenye kiwiko, wimbi linakuja boti inashuka, nahodha anasema "toa mkono" na mimi namwambia "si ndo natoa". Nimekunywa maji hayo. Mwishowe kijana wa boti aliruka akanitoa kama anamvua mtoto sweta.

Kwa hivyo mimi nasema klipu za mabegani, zile za kubonyeza zinaachia, kwa boti zetu ni lazima. Na ziwe kubwa uweze kubonyeza na vidole vimekauka baridi vimesinyaa.

Mswahili wa Ruwi

Ndugu yangu kamba yako ilikuwa imekazwa sana, ikilegezwa inavyotakiwa bega linapita lenyewe, kwanza unaingiza hewa kidogo...

Mdiani

Kila mtu wa bamba huniambia ilikazwa sana. Wewe uliilegeza kwa daivu ya ngapi?

Mswahili wa Ruwi

Ya kumi na kitu. Haya nimekubali. Kwa mtu wa daivu 19 anaetumia boti za faiba atafute bamba lenye klipu za begani, zipo. Ila kwa milioni na nusu labda apate la mkononi, lililokwisha tumika.

Bi Chole

Kaka mtoa mada habari. Mimi nazamia Mafia, Chole Bay na Kinasi Pass, naona mnagombania aina na hakuna aliyemwambia kijana cha kwanza, likukae mwilini. Nimeteseka miaka miwili na jaketi la M la kiume kwa sababu ndilo lililokuwepo, mkanda wa kifua unapita pasipopita, mabega mapana kamba zinateleza, nikijaza hewa juu ya maji jaketi linapanda mpaka masikioni mimi nimebaki chini kama kobe. Kila mtu ananiambia sijui kukaa juu ya maji. Siku nilipoazimwa la kike XS nilikaa nasubiri boti naimba.

Namna ya kujaribu nchi kavu. Vaa na nguo utakayozamia nayo. Funga kila kitu, jaza hewa mpaka ile valvu ya usalama ipige mluzi. Hapo vuta pumzi ndefu, ukishindwa ni dogo, ama ni mtindo usiokufaa. Halafu mwambie mtu ashike kamba za mabegani avute juu, likipanda zaidi ya vidole vinne ni kubwa. Toa hewa yote, inama kama unarukuu, jitikise, likicheza mgongoni bila mtungi basi na mtungi litacheza mara tatu. Kila kikamba cha kutolea hewa ukifikie umefumba macho. Na angalia kamba zimebaki urefu gani, ukishazivuta mpaka mwisho leo, huna pa kuvutia tena ukipungua.

Dar huwezi kuingia duka ukajaribu matano, tusidanganyane. Kwahiyo tumia ukodishaji kama duka. Kila unapokodi andika kwenye logi (daftari lako la daivu) jina la modeli na saizi na lilikuwaje. Baada ya daivu kumi utajua mwili wako unataka nini kuliko hao wa YouTube ambao wanazamia maji ya nyuzi 8.

Tena kama unakuja huku kwa ajili ya papa potwe wa Kilindoni usibebe jaketi kabisa, wale tunasnokeli nao tu, tunaogelea juu juu bila mtungi.

Mtoto wa Kigamboni

Dada ubarikiwe. Nimefungua logi yangu, nimeandika "BCD nyeusi" mara 19.

Pweza Mkavu

Samahani wakuu mimi ni msomaji tu sijawahi kuzamia. Si bora achukue lenye kubeba uzito mkubwa kabisa ili akipata shida limtoe juu haraka? Naona kuna ya kilo 13 na kuna ya kilo 25.

Kusi na Kaskazi

Suali zuri na ndo kosa la wengi. Jaketi halina kazi ya kukutoa juu haraka, kutoka juu haraka ndo kunakovunja mapafu. Kazi zake ni tatu: likushikie mtungi, likuweke sawa chini usizame wala usipande, na likuweke kichwa nje ya maji ukisubiri boti. Wala si laifu jaketi, ukizimia halikuahidi kukulaza uso juu.

Tupige hesabu ya mtoa mada na kilo zake 6 za halali. Mwanzo wa daivu ana hewa ya mtungi kilo 2 na nusu hadi 3 za kubeba. Akienda mita 20 wetisuti ya milimita 3 inabanwa na presha, inapoteza nguvu yake ya kuelea, tuseme kilo moja na nusu kwa kimwili kile. Jumla haifiki 5. Juu ya maji anataka cha kumnyanyua kichwa na shingo na kamtungi kake nje, weka tano nyingine. Kwahiyo jaketi la kilo 13 linamtosha na chenji inabaki. Ya kilo 20 na zaidi ni ya watu wa mitungi miwili, au wetisuti nene za maji baridi. Kwa maji yetu ya nyuzi 25 wakati wa kusi na 28, 29 wakati wa kaskazi, mfuko mkubwa ni hewa kutembea tembea ndani, mara bega la kushoto mara la kulia, na mvuto wa maji unaongezeka. Ukienda Leven Bank kaskazini ya Unguja na mkondo wake utausikia huo mfuko.

Ukisoma lebo wengine wanaandika kwa niutoni, gawa kwa kumi unapata kilo.

Mdiani

Na mifuko ya risasi ya ndani ya jaketi mnasemaje? Mimi naipenda kiuno kinapumua, lakini nimeshaona mfuko mmoja umeanguka mita 14 pale Kisite. Jamaa hakuingiza mpaka ilie kliki. Alianza kupanda upande mmoja, akawa anazunguka kama feni.

Kusi na Kaskazi

Nzuri ikiwa utaiangalia kila siku. Kwa boti zetu ina tabu moja, ukimpa nahodha jaketi anavuta mtungi na risasi zote kwa pamoja, migongo yao hiyo. Toa mifuko kwanza umpe mkononi. Mie nafsi yangu navaa mkanda.

Mswahili wa Ruwi

Mabawa na majaketi yenye hewa ya nyuma yana sifa mbaya ya kukusukuma uso majini ukiwa juu, mtoa mada ujue hilo mapema. Dawa yake ni mbili, usijaze mpaka mwisho, weka tu ya kutosha halafu jilaze nyuma kama uko kwenye kiti cha baraza, na risasi mbili zihamishe kwenye mifuko midogo ya nyuma karibu na mtungi. Watu wanajaza mpaka valvu inapiga mluzi halafu wanalalamika.

Na msidhani haya mabishano ni mapya. Jaketi la mwanzo, la Fenzy la Ufaransa, 1961, lilikuwa la kuvaa shingoni kama kola ya farasi. Scubapro wakaja na jaketi la kuvaa kama kizibao 1971 na wazee wa kola wakasema vijana wamelegea. Babu yangu angeona mimi nabishania hewa ya pembeni na ya nyuma angecheka sana, yeye alikuwa anazamia lulu kwa kuziba pua.

Mtoto wa Kigamboni

Mrejesho wakuu. Jumamosi nilikuwa Nungwi. Nilimuomba kiongozi wa daivu tupime baada ya daivu ya kwanza, akanitazama kama naongea kichina ila akakubali. Bar 50, hewa nimetoa yote. Kilo 10 nikaenda chini kama jiwe. 8 bado jiwe. 6 maji yakafika kwenye nyusi, nikatoa pumzi nikashuka taratibuuu. Daivu ya pili nikaenda na 6. JAKETI LILE LILE la velkro mbovu wakuu! Pale mita 5 nilisimama dakika 3 nimekunja mikono kama mkaguzi. Na hewa nilirudi na bar 80, zamani wenzangu walikuwa wanapanda kwa ajili yangu.

Sasa kuna mzungu anaondoka Masaki anauza jaketi lake la mkononi, M, hewa ya nyuma, klipu za begani zipo, anataka laki tano na nusu. Niangalie nini? Naenda kesho jioni.

Kusi na Kaskazi

Mashaallah. Hapo sasa tuzungumze jaketi.

Kwanza lijaze kwa mdomo mpaka likakamae, liache. Ongeeni mambo mengine nusu saa. Likilegea lina tundu. Ukiweza kulilaza usiku kucha ni bora zaidi. Litose kwenye maji ya kutosha ubonyeze kila mshono na kila valvu, povu litakwambia lilipo. Mshono ukivuja muachie jaketi lake. Valvu ikivuja usiogope, mara nyingi ni mchanga tu au raba ya shilingi elfu mbili tatu.

Pili infleta, kile kidude cha vitufe viwili. Hapo ndo pana roho yako. Bonyeza cha kujazia taratibu mara ishirini, kirudi chenyewe kila mara bila kusita. Kikinata kidogo tu, chumvi imeganda ndani. Mie nilikuwa na mgeni Leven Bank, kitufe kikaganda kimebonyezwa mita 22, jaketi linajaza lenyewe shhhhh, ananitolea macho. Nilichomoa mpira wa hewa kwenye infleta kwa mkono mmoja na wa pili nikavuta valvu ya nyuma, tukatulia mita 17. Wewe jifunze kuchomoa ule mpira ukiwa umefumba macho, umevaa glavu, vyovyote. Na angalia kichomekeo chake ni cha kawaida, kuna infleta zilizochanganywa na okto (kipumulio cha akiba) zina kichomekeo kikubwa chake peke yake, ukisahau mpira wako nyumbani hakuna wa kukuazima.

Tatu, mwaga maji yaliyomo ndani. Ligeuze kichwa chini bonyeza cha kutolea. Yakitoka ya chumvi yananuka ujue halijawahi kusuuzwa ndani. Unatia maji baridi (yasiyo na chumvi) ndani robo ya mfuko, unajaza hewa, unalitikisa kama unasuuza galoni, unamwaga kwa infleta. Kila mwisho wa siku. Sie tunaruka hiyo tukichoka ndo maana ya kukodi hayaishi kunata.

Nne, mkanda wa mtungi. Na hii hata kwa jipya. Utose kwenye maji kabla hujaukaza, ukikaza mkavu ukiingia baharini unarefuka na mtungi unateleza chini. Wapo wanaolaumu jaketi kwa hilo miaka.

Bi Chole

Na usimuache akakuharakisha kwa sababu ana ndege. Vaa, vuta mabega, rukuu.

Mtoto wa Kigamboni

Wakuu nimerudi. Nilirukuu sebuleni kwa watu, mke wake akacheka mpaka akakaa chini, ila limenikaa. Kamba zina kama sentimita kumi za ziada kila upande. Infleta inarudi chap. Nikaomba nilipe nusu nikalipime nyumbani akakubali, sikuamini.

Nyumbani nikalijaza nikalitosa kwenye pipa la maji la bi mkubwa (aliuliza mara tatu kama hilo dude lina ugonjwa). Mishono safi. Valvu ya nyuma ya chini povu moja moja, dogo dogo, kama soda iliyokaa. Nikafungua kile kifuniko kwa mkono, ndani kuna springi na kiraba cha duara, kwenye kiraba punje moja ya mchanga mweupe imezama kabisa. Nimeitoa kwa ukucha, nimesuuza, nimefunga, povu hakuna. Asubuhi nimelikuta limekakamaa vile vile. Nimemtumia picha ya punje akanipunguzia, tumemalizana laki nne na themanini. Hilo jaketi hata kilo 3 halifiki, linaingia kwenye begi la mgongoni.

Chui wa Temeke

Mkuu hongera. Milioni na nusu toa laki tano kasoro, inabaki milioni na ushee. Pikipiki sasa?

Mtoto wa Kigamboni

Inabaki nauli ya boti na daivu za mwaka mzima ndugu yangu.

Swali la mwisho kwa wa Unguja. Hili jipya lina raba nene kidogo ya mgongoni nahisi linaelea lenyewe kidogo kuliko la kukodi, kwahiyo nikijipima upya naona naweza kuangukia 7, na pale ninapoendaga risasi zote ni za kilo mbili mbili. Kuna mtu ana ya kilo moja moja aniazime Jumamosi?

Kusi na Kaskazi

Nnazo mbili, zimepakwa rangi nyekundu. Nikute bichi saa mbili asubuhi, na uzirudishe, zile sita nyengine walizoazima watu sijaziona tena.